Fulu Moja kwenye Kona ya Kaniha

Kaniha, Biharamulo
6 Agosti 2024

Kwako Anold, dereva wa Ntobeye,

Salaam nyingi. Najua umeanza kucheka: Luhende ana simu, namba yangu anayo, barua ya nini? Cheka, halafu ukimaliza uangalie juu ya karatasi. Umeiona hiyo nembo, gari linatoa moshi? Ni nembo ya Chama cha Mbio za Michomoko. Na mimi, niliyekuwa deiwaka wako, niliyekushikia usukani kila siku uliyosingizia mgongo unauma, sasa ndiye Afisa Usalama wa Chama. Nimepewa koti la njano na filimbi. Mwenyekiti, mzee Rwekaza, anataka kila dereva aitwe kwa barua, ndiyo maana nakuandikia kiofisi hivi.

Mbio ni Jumamosi tarehe 31, hapa Kaniha, kuzunguka barabara ya vumbi inayopita mashamba ya pamba. Hayaruhusiwi magari ya kifahari. Ni michomoko tu, hivi hivi vigari vyetu vya kubebea abiria, ila viti vya nyuma vinatolewa na ndani kinachomelewa kizimba cha vyuma. Mdhamini ni kampuni ya oili za injini kutoka Mwanza. Wapiga picha watakuwepo.

Mwenyekiti amesema usipokuja wewe, watu wa Ngara hawatakuja. Nimemwambia utakuja, kwa sababu nimekuita mimi. Usihofu habari ya usalama, usalama ndio mimi.

Wako,
Luhende
(deiwaka wako, sasa Afisa)


Ntobeye, Ngara
10 Agosti 2024

Mheshimiwa Afisa Usalama, shikamoo!

Leonidas, dereva mwenzetu, amenishushia bahasha yako kwa heshima zote, akaishika kwa mikono miwili kama anabeba mayai. Nimeisomea mama kwa sauti. Amesema hilo koti la njano ukimaliza nalo umletee, atamvalisha yule mtu wa majani anayefukuza kima shambani.

Nitakuja. Ungejua ulivyonifurahisha usingeringa hivyo. Lakini sasa acha utani kidogo, tuongee kama madereva. Ile kona ya kwa dada yako Kwandu, pale anapokaangia mihogo, mimi na wewe tunaijua. Barabara pale imelalia upande wa nje, na upande wa nje ndiko kibanda cha dada kilipo. Kwa hiyo nataka uniahidi mambo matatu. Matairi ya zamani yapangwe upande wote wa nje, marefu kufika kiunoni. Dada Kwandu ahamishwe siku hiyo, akakaangie kwingine. Na pale kwenye kona usimame wewe mwenyewe, si mtu mwingine, na gari lako limetutazama, utupe fulu, umulike taa kubwa kama kawaida yetu. Fulu moja, njia nyeupe, njoo. Fulu mbili, kuna balaa, funga breki.

Unakumbuka ule mwaka watu walipokuwa wanatekwa porini? Ulikuwa deiwaka kwenye gari jingine, unatoka Lusahunga na mimi naelekea huko, ukanipa mbili. Nilisimama bila kuuliza, na mbele walikuwa wamelaza mti barabarani. Abiria wangu mpaka leo wanakusalimia kwa jina. Tangu siku ile sijawahi kuijadili fulu yako. Ukiniambia nyeupe, naenda.

Msalimie dada Kwandu, mwambie mihogo yake naiota.

Anold


Kaniha
22 Agosti 2024

Ndugu Anold,

Yote matatu yamefanyika. Matairi yameletwa na lori, nimesimamia mwenyewe yakipangwa pale kwenye kona. Kwandu nimeshamwambia, hana neno. Na nitasimama palepale.

Mwenyekiti ameongeza jambo la nne ambalo hata wewe hukulifikiria: boza la maji litapita kulaza vumbi, wageni wasikohoe na picha zitoke safi. Kona ile ameipa jina, anaiita kona ya picha. Bango kubwa la mdhamini litasimama hapo. Gari la matangazo limefika hadi Murukulazo likilitaja jina lako, wanakuita Simba wa Ntobeye. Si utani, nimelisikia kwa masikio yangu.

Wewe lala vizuri, kula vizuri, uje. Siku hiyo usitazame kitu kingine. Tazama fulu yangu tu.

Luhende


CHAMA CHA MBIO ZA MICHOMOKO
Kaniha, Biharamulo
12 Septemba 2024

Ndugu Anold,
Ntobeye, Ngara.

YAH: KUSIMAMISHWA KUSHIRIKI MBIO NA WITO WA KIKAO CHA UCHUNGUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Chama kimesikitishwa na ajali ya tarehe 31 Agosti 2024, ambapo gari lako liliacha njia kwenye kona, likapinduka na kuvamia kibanda cha mfanyabiashara, Bi. Kwandu, aliyejeruhiwa kwa mafuta ya moto.

Taarifa ya Afisa Usalama inaeleza kuwa alikupa ishara ya taa mara mbili, ikimaanisha hatari, nawe ukaipuuza na kuingia kwenye kona kwa mwendo mkubwa. Kwa sababu hiyo umesimamishwa kuanzia tarehe ya barua hii. Unatakiwa kufika mbele ya kikao cha uchunguzi tarehe 5 Oktoba 2024. Ukishindwa kufika kwa sababu za kiafya, kikao kitaendelea, na matokeo yake yatapelekwa polisi.

Chama kinapenda kukukumbusha kuwa usalama wa madereva na watazamaji ndicho kipaumbele chake cha kwanza.

Aidha, unataarifiwa kuwa mbio za pili zitafanyika mwezi Desemba kama zilivyopangwa.

Nakutakia afya njema.

Rwekaza
MWENYEKITI

Nakala: Luhende, Afisa Usalama


Ntobeye
15 Septemba 2024

Luhende ndugu yangu,

Nakuandikia kwa sababu siwezi kuongea. Taya limefungwa waya, nakunywa uji kwa mrija na mama ananifuta kidevu. Mguu uko kwenye plasta mpaka pajani. Na kwenye simu nako kumeshindikana. Juzi ulinitumia ujumbe mrefu, kabla sijaufungua nikakuta "ujumbe huu umefutwa". Ukatuma mwingine, nao ukaufuta. Ulitaka kuniambia nini? Andika kwenye karatasi, umpe Leonidas. Ikishafika mkononi mwangu hutaweza kuifuta.

Nimepata barua ya Mwenyekiti. Nimeisoma nikajua kuna kosa, mtu wa ofisini amechanganya. Wanasema umeandika kwamba ulinipa mbili. Wewe hukunipa mbili. Mzunguko wa kwanza tu, niliitazama taa yako kama ulivyoniagiza, ikawaka moja, nikaongeza mafuta. Nilipoingia kwenye kona chini palikuwa utelezi mtupu, usukani ukawa haushiki kitu. Nikatafuta matairi, nikasema moyoni basi yatanipokea, matairi hayapo. Nikaona kibanda. Nikamwona dada Kwandu amesimama hapo hapo ambapo ulisema hayupo. Hiyo sura yake ndiyo naiona kila nikifumba macho.

Sikulaumu. Nakuuliza tu. Wanasema watapeleka polisi kwamba nilipuuza ishara, na hapa Ntobeye watu wameanza kumwambia mama kwamba mwanawe alitaka sifa akamchoma mwanamke wa watu. Leseni ikienda, mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Wewe nenda kwa Mwenyekiti, umwambie neno moja tu: ilikuwa moja. Yataisha.

Na uniambie dada anaendeleaje. Niambie ukweli.

Anold


Kaniha
20 Septemba 2024

Ndugu Anold,

Barua yako imefika na yaliyomo nimeyaelewa. Pole sana kwa maumivu.

Kuhusu suala la taa, naomba ukumbuke kuwa siku ile kulikuwa na jua kali na kelele nyingi, na kioo chako kilikuwa na vumbi. Inawezekana mtu akapewa mbili akaona moja. Hayo hutokea hata kwa dereva mzoefu. Taarifa nimeshaiandika na imeshapita kwenye uongozi, kuibadilisha sasa kutaleta picha mbaya kwa Chama kizima, hasa mdhamini anapoangalia suala la Desemba.

Nimeongea na Mwenyekiti kwa niaba yako. Ukikubali kwenye kikao kwamba ulikosea kuona, jambo halitafika polisi, na baada ya muda utarudishwa mbioni. Watu bado wanalitaja jina lako. Naomba ulifikirie kwa busara.

Kwandu anaendelea vizuri.

Wako katika michezo,
Luhende
Afisa Usalama


Kaniha
25 Septemba 2024

Mdogo wangu Anold,

Ni mimi Kwandu. Herufi zimelala kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, na kifuani kidogo. Wakikuambia naendelea vizuri usiwaamini. Ngozi inavuta, na hata mtoto akinigusa napiga yowe.

Nilikuchukia. Nakuambia wazi. Walikuja kuniambia hospitalini kwamba ulioneshwa hatari ukapuuza kwa kutaka makofi, nami nikaomba Mungu mguu wako usipone. Ninaona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyoomba.

Halafu nikarudi nyumbani, nikawa nimelala sina kazi, nikaanza kuifikiria mihogo. Sikiliza. Mimi kwenye ile kona naishi kwa fulu zenu, madereva mmeniona mara nyingi. Dereva akimpigia mwenzake moja, najua njia iko wazi, magari yanakuja na watu wenye njaa, namimina mihogo karaini. Zikiwa mbili najua magari yatakwama huko mbele, naepua karai, nakaa nyuma kwenye kivuli kungoja. Sifikirii hata kidogo, mkono unafanya wenyewe.

Siku ile Luhende alisimama pembeni yangu. Aliingiza mkono kwenye dirisha la gari lake akapiga fulu. Nami nikamimina mihogo. Karai lilikuwa limejaa, mdogo wangu! Mkono huu ulioungua ulikuwa umeshika kijiko cha kugeuzia. Angepiga mbili, mimi ningekuwa nimekaa kivulini, na karai liko chini, nje ya moto. Basi alipiga moja. Aliyeniambia alipiga mbili ni yeye mwenyewe, kando ya kitanda changu, huku ananilisha uji. Naye alipokuwa anasema alikuwa anatazama bakuli.

Na hayo matairi yalikuwepo mpaka asubuhi. Kisha wakaja vijana na lori, wakayapakia. Mchana nikayaona mbele ya jukwaa la wageni, yamepakwa rangi za yule mdhamini, watu wanapigia picha. Nikamwuliza Luhende mbona yameondoka huku, akasema Mwenyekiti anataka jukwaa lipendeze. Boza nalo lilimwaga maji hapa kwenye kona tu. Kwingine kote vumbi lilikuwa linatimka kama siku zote. Na kuhama, hakuna aliyeniambia nihame. Aliniambia nikaange mingi, kona itajaa watu.

Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tulipohama kutoka Shinyanga nilimbeba mgongoni, yeye na godoro. Juzi ameniletea kitenge kizuri kutoka kwa Mwenyekiti, na maneno ya kusema kwenye kikao. Kitenge kiko kwenye mfuko wake, sijakigusa. Maneno yake bado yananizunguka kichwani. Sijui nitafanya nini.

Kwandu


Ntobeye
28 Septemba 2024

Dada Kwandu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mpaka mama akaninyang'anya, akasema inanipandisha homa.

Nisamehe kwa mkono wako. Taa iwe moja au mbili, gari lilikuwa langu na miguu kwenye pedeli ilikuwa yangu. Kuhusu kuniombea mguu, usione haya. Mimi nilipoisoma barua ya Luhende, ile aliyojiita Afisa, nilimwombea mabaya kuliko hayo, na mimi sikumbeba mgongoni.

Sitakuomba useme. Ningependa kukuomba, nisikudanganye, karatasi mbili nimezichana nikikuomba. Ukinyamaza, mimi ndiye dereva aliyekuunguza kwa ajili ya sifa, na nitabaki hivyo kwa watu wote kutoka hapa hadi Biharamulo. Ukisema, unampoteza ndugu. Hilo siwezi kulibeba kwa niaba yako. Kikao siwezi kufika, daktari amenikataza kutoka kitandani.

Nashukuru kwamba umeniambia. Kabla ya barua yako nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliona vibaya.

Anold


Kaniha
20 Oktoba 2024

Anold,

Nadhani umeshasikia. Kwandu alisimama kikaoni, watu wamejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti alimwuliza fulu zilikuwa ngapi. Alifungua bandeji, akaunyosha mkono juu ya meza ya wakubwa, akasema, "Hesabuni wenyewe. Mihogo ilikuwa karaini." Nusu ya wale wakubwa hawakuelewa. Madereva wote waliokuwa mle ndani walielewa, na wakageuka kunitazama mimi.

Wewe wamekusafisha. Barua yako itakuja. Mimi wameniandikia kwamba nilitenda kwa matakwa yangu binafsi, na suala langu limepelekwa polisi. Rwekaza alikuwa amekaa pembeni yangu siku zote hizo! Ndiye aliyesema matairi yaende jukwaani. Ndiye aliyesema boza limwage kwenye kona tu. Nikamwambia mzee, kwa maji yale nitawapa mbili. Akasema, "Toa moja. Watu hawakuja huku kutazama magari yanafunga breki." Sasa anasema hakumbuki kuongea na mimi.

Nisikie na mimi. Nilidhani utateleza kidogo, watu wapige kelele, urudi njiani uendelee. Kwa mtu mwingine nisingethubutu. Nilijua mkono wako, Anold, nimekaa pembeni yako miaka yote ile. Nilikuamini wewe. Jioni yake nilitaka kusema, kila nikishika simu naandika halafu nafuta. Nilikuwa na koti, nilikuwa na ofisi, wanangu walikuwa wanaringa shuleni. Nikaogopa.

Koti wamempa mwingine. Mabango ya Desemba yameshabandikwa mpaka sokoni, na picha waliyoweka ni ya gari lako, tairi ziko juu, moshi wa mafuta ya Kwandu unafuka pembeni. Chini wameandika: KONA YA KANIHA, NJOO UJIONEE. Wanasema tiketi zinatafutwa kuliko mara ya kwanza.

Kwandu haniitikii salamu. Nakuomba, wewe peke yako ndiye watakayemsikiliza sasa. Njoo polisi useme kwamba niliamriwa, kwamba Luhende unayemjua asingefanya hivyo kwa akili yake. Nitakufuata na gari mpaka mlangoni.

Deiwaka wako,
Luhende


Ntobeye
27 Oktoba 2024

Luhende,

Polisi nitakwenda. Nitasema niliyoyaona: taa ilikuwa moja, matairi hayakuwepo, chini palikuwa maji. Mama amesikia habari ya hilo bango, na anataka twende pamoja akawaulize nani aliwapa ruhusa ya kumpindua mwanawe ukutani. Kama uliamriwa na Rwekaza, useme wewe kwa mdomo wako, hata kama wataucheka. Dada yako alisema kwa mkono ulioungua. Mimi siwezi kuapa kwamba Luhende ninayemjua asingefanya hivyo. Luhende ninayemjua alifanya.

Unasema uliniamini. Na mimi nilikuamini, tofauti ni kwamba mimi sikukuweka kwenye utelezi ili nione utafanyaje. Ungeniambia siku ileile, hata kwa ujumbe wa kufuta, ningelia, ningekutukana, ningekusamehe. Uliniacha nusu mwezi nikijiuliza kama macho yangu ni mazima. Uliniandikia habari za jua na vumbi. Hilo ndilo linalouma kuliko taya.

Waya wametoa Alhamisi. Leonidas alinipeleka, na wakati wa kurudi nikakaa kiti cha mbele, magongo yako miguuni. Tulikuwa tunashuka mlima, njia kavu, nyeupe kabisa. Gari likaja mbele yetu, dereva akampa Leonidas fulu. Moja. Nikashika dashibodi kwa mikono miwili nikapiga kelele, "Simama! Simama!" Ndiyo maneno ya kwanza niliyosema kwa mdomo huu. Leonidas akasimama. Abiria wakachungulia, hakuna kitu, ni barabara tu. Mama mmoja akacheka, kisha akaona sura yangu akaacha. Leonidas akaondoa gari polepole, na mimi nikalia mpaka tukafika, mtu mzima.

Kwa hiyo usinifuate na gari. Nitapanda na Leonidas.

Na siku nikirudi barabarani, tukipishana, usinipigie fulu. Wala moja, wala mbili. Pita tu.

Anold